Njia Iliyong'aa

Fundi Kioo hakuwahi kumwaga zege nje ya nyumba za watu. Kazi yake ilikuwa sakafu za sebuleni, na jina alilipata kwa sababu sakafu zake zilimwonyesha mtu hadi vishimo vya mashavu yake. Alipopewa kazi ya kujenga njia ya zege ya wanafunzi, ya miguu na baiskeli, aliona nyota yake imewaka. Binti yake wa darasa la tatu alikwenda shule kwa barabara ya malori iliyopakana na njia hiyo, na kila lori lilipovuma mtoto aliingia mtaroni.

Kila kipande cha njia kilipoanza kushika, Kioo alinyunyiza unga wa saruji, akasugua kwa mwiko wa chuma mpaka kikang'aa. Siku moja Mama Mikate, aliyesambaza mikate kwa baiskeli, alisimama hapo.

"Fundi, kazi nzuri, macho hayachoki. Ila usiisugue hivyo. Buruta ufagio juu yake ingali mbichi, iwe na mikwaruzo. Tairi linataka pa kushika."

"Nifagie zege, mama? Mimi nilisomea ufundi, sikusomea ufagio!"

Vibarua wakaangua kicheko.

"Wewe umewahi kuendesha baiskeli penye maji?"

"Baiskeli niliiacha utotoni. Miguu yangu haipati pancha."

"Haya baba, mikate yangu inapoa," akasema, akakanyaga pedali.

Kioo aliendelea kusugua.

Ijumaa asubuhi, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, manyunyu yalianguka. Kioo aliazima baiskeli, akampakia binti yake nyuma ili wawe wa kwanza kuizindua njia.

"Baba, unajua kweli kuendesha?"

"Kwani hii ni ndege?"

Kwenye kona ya mwisho, gurudumu lilimponyoka kama sabuni mkononi. Kioo alichubuka kiwiko. Mtoto aliteleza kwa makalio hadi ukingoni mwa barabara, na lori likapita hatua moja tu kutoka kwenye viatu vyake.

"Baba," alisema akiinuka, "njia yako inateleza kuliko bafu letu."

Hakuna mwingine aliyewaona, angeweza kunyamaza. Lakini Jumatatu watoto mia mbili wangeifikia kona ile. Akamshika binti yake mkono, akaenda moja kwa moja kwa Mama Mikate.

"Mama, nimeanguka. Nifundishe."

Mama Mikate alicheka kidogo, kisha akaangalia kile kiwiko akaacha. "Zege limeshakauka, ufagio hausaidii tena. Tafuta nyundo na tindo."

Kwa siku tatu Kioo na vibarua walichimba mikwaruzo kukata upana wa njia. Mama Mikate alimwaga maji, akapita na baiskeli yake. "Hapa bado." Wakagonga tena. "Na hapa bado, usinitazame hivyo." Jumapili jioni alifunga breki kwenye kona, akasimama wima. "Sasa panashika."

Jumatatu watoto walipita huku mvua ikinyesha, wengine wakishindana, na hakuna aliyeanguka. Mpita njia mmoja aliitazama njia iliyoparuzwa kama uwanja wa kuku. "Fundi Kioo, nani kakuharibia kazi?"

"Mimi mwenyewe, kwa nyundo yangu," akajibu, wala hakuona haya. Alikuwa amesadiki kwamba kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.