Hodi ya Mama Mkwe

Usiku wa manane, wapendwa, mama mmoja kijana alisikia kifua cha mwanawe kikipiga filimbi. Pumu imerudi. Akapapasa mezani, dawa ya kupuliza haipo, kabatini haipo, chini ya godoro haipo, na mtoto anavuta pumzi mpaka mbavu zinahesabika, na mume yuko safarini.

Mama mkwe akaamka. Huyu bibi, msimcheke, alikuwa mtu wa kusahau: chai anaitia chumvi, mkwewe anamwita jina la wifi yake. Yule mama kijana akamwaga yote kwa mkupuo, kwamba siku akina mama wa kikundi walipokuja kumwona mtoto aliificha dawa, akiogopa watatangaza mtaa mzima kuwa kazaa mgonjwa, na sasa hakumbuki aliiweka wapi, kichwa kimekuwa cheupe.

Mngekuwa nyinyi mngemgombeza, si ndiyo? Bibi alijifunga kanga, akatoka nje, akaurudisha mlango. Kijana akawaza, haya sasa, na huyu naye kapotea.

Mara mlango ukagongwa.

"Hodi wenyewe. Hodi jamani, tumekuja kumwona mtoto."

"Karibuni," mdomo ukajibu wenyewe, na mkono, kabla hajaufikiria, ulishazama nyuma ya mlango, ndani ya buti la mvua la mumewe. Dawa hiyo hapo, na mlangoni kasimama bibi peke yake.

Wapendwa, kumbukumbu yake haikufutika. Ililala pamoja na sauti ya siku ile, ikingoja kuitwa. Na sisi je? Mwenzetu akilemewa, akasema haoni Mungu alimtendea nini, tunamwambia ajikaze, afikiri vizuri. Kujikaza kulimsaidia nini yule mama? Wema aliotendewa mwenzetu umo ndani yake, hajui tu aliuweka wapi. Basi tutoke tumpigie hodi. Tumwimbie tulichoimba alipojifungua salama, tukae naye pale pale tulipokaa naye akicheka. Bibi aliyajua haya kwa kuwa yeye husahau kila siku, na kila siku kuna mtu humrudisha taratibu, bila kumkaripia.

Mtoto alipolala, kijana alimshika bibi mkono, akamsihi habari ya pumu na ya buti isitoke mle ndani. Bibi akacheka kidogo.

"Simwambii mtu mwingine, mwanangu. Na hata nikitaka, kukicha nitakuwa nimebaki na lipi la kusema?"