Khoat, Adui wa Moshi

Enyi mnaokula wali wa bonde la Nam Sai, tulieni mjue bonde hili lilipatikana vipi. Zamani za bibi zenu, Wafaransa walipokuwa na ngome yao pale chini penye maji, na mashamba yote yakiwa ya bwana mmoja, alizaliwa Luong Khoat, mwana wa Luong Sinh mchunga nyati, mjukuu wa Luong Vang aliyefia barabarani akiwavunjia wakoloni mawe. Siku mwenye mashamba alipomchukua nyati wao wa pekee kwa sababu tu alimtamani, Khoat, ndevu bado hazijamwota, alijifunga nira mabegani na kuvuta jembe katika tope hadi shamba likaisha, baba yake akimfuata nyuma huku analia. Alama ya nira haikumtoka shingoni. Kwa hiyo Chama cha wapigania uhuru kilipoingia milimani na kusema ardhi iwe ya anayeilima, Khoat hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Alianza na watu wachache wenye bunduki za kuwindia nguruwe, akawafundisha kutembea bila kuvunja kijiti, na miaka ikapita hadi maofisa wa ngome wakawa hawalali kwa sababu yake. Khoat Shingo ya Nira, Khoat asiyeonekana, waliimba akina mama waliombebea mchele.

Kisha ikaja ile sikukuu ya mwaka mpya. Khoat alirudi kijijini kwao na askari wenye njaa, na wanawake, kwa furaha, wakateleka vyungu vikubwa vya keki za mchele zilizofungwa majani mabichi. Asubuhi haikuwa na upepo. Moshi ulipanda umesimama wima, na ndege za vita zikaufuata. Siku ile moja kila nyumba ilipata msiba, na katika nyumba ya Khoat alikufa mama yake, na binti yake Diep, aliyekuwa amevaa nguo mpya.

Tangu siku hiyo Khoat akawa Adui wa Moshi. Alitoa amri kwamba moto usiwake mchana, hata kuwe na mgonjwa au mwanamke aliyejifungua. Watu walikula wali baridi, wakanywa maji baridi, wakakohoa. Mkewe Thoa alisukuma baiskeli yenye magunia ya chakula cha askari kama wenzake, lakini hakumwita tena Baba Diep. Alimwita Ndugu Kamanda, kama wengine wote, naye Khoat akaitika.

Mwaka ulipozunguka, jeshi lilikuwa kwenye korongo juu ya bonde hili, likivuta mizinga kwa kamba, kwa sababu ngome ilikuwa inangojea askari wapya, na hao wangewahi kufika, kina Khoat wangeshindwa vita. Na asubuhi ya mwaka mpya ilipofika, ndiyo ilikuwa siku ya wafu wao wote. Kwa desturi yetu marehemu huwashiwa udi siku aliyofariki, ili moshi umwonyeshe njia ya kuja kula na watu wake, na asiyewashiwa hutangatanga na njaa.

Wanawake wakamtuma Bibi Kem, mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi, aliyepoteza wanawe wote siku ile.

"Ndugu Kamanda," alisema Bibi Kem, "sisi tumekula baridi, tumenyamaza. Wafu nao wale baridi?"

"Wafu watangoja," alijibu Khoat. "Walio hai hawawezi."

"Mama yako alikuwa mpole. Angekuwa mimi, ningekuja kukunyonga usingizini."

Khoat aliinamisha kichwa, na amri ikabaki palepale.

Lakini Thoa alikuwa na kijiti kimoja cha udi ndani ya nguo zake. Alijificha nyuma ya jiwe, akakiwasha, akakifunika kwa kofia yake ya majani, akamwita mwanawe kwa kunong'ona. Aliwaza kwamba moshi wa kijiti kimoja chembamba hivyo hauwezi kumdhuru mtu. Na nyuma ya kila jiwe alikuwapo mwanamke mwingine, na kofia nyingine, na wazo lilelile. Upepo haukuwapo. Moshi ulijikusanya korongoni, kisha ukatokeza juu ya miti, mweupe kama shuka iliyoanikwa.

Ndege ndogo ya kupeleleza ilikuja, ikazunguka, ikainamisha bawa, ikaondoka. Kila mtu alijua kubwa zinafuata. Mizinga ilikuwa inaning'inia kwenye kamba, haiwezi kurudi, na mbele ni kazi ya siku nzima.

Wanawake walitoka na kofia zao mikononi, wakingoja adhabu. Khoat hakumkaripia yeyote. Aliomba vijiti vilivyobaki, na kiberiti. Askari wake walipojitolea kwenda badala yake, aliwazuia.

"Moshi wa kwanza niliuleta mimi," alisema. "Ninyi vuteni kamba."

Kisha akamgeukia mkewe. "Ulimwashia?"

"Kimoja tu."

"Mimi sijamwashia hata hicho."

Alikuwa ameshaanza kushuka kuelekea mto Thoa alipoita: "Baba Diep, urudi kabla ya giza." Khoat alisimama, akamtazama, akaenda.

Mlima Pha Lung ukaanza kufuka, ng'ambo ya mto. Moshi mzito wa majani mabichi ulipanda, ndege zikaushukia, mlima ukatikisika. Moshi ule ukafa, mwingine ukapanda pembeni yake. Wavuta kamba hawakuthubutu kutazama. Thoa alitazama huku akivuta, akiusindikiza kila moshi kwa jina: huu wa mama mkwe, ule wa wana wa Bibi Kem, ule wa majirani wa kisimani. Jua lilipoelemea, moshi mdogo, mwembamba, ulipanda kutoka kileleni, na Thoa hakuuliza ni wa nani. Ndege zikarudi. Baada ya hapo mlima haukufuka tena.

Mizinga ilivuka. Ngome ikaanguka. Walimtafuta Khoat Pha Lung nzima wasipate hata mfupa wa kuosha na kuweka kwenye chungu, kama tunavyowafanyia wafu wetu. Basi wakabaki bondeni, wakagawana mashamba, na hicho ndicho kijiji hiki.

Ndiyo maana asubuhi ya mwaka mpya jiko haliwashwi hapa. Tunakula wali baridi, tunapanda Pha Lung, tunawasha moto mmoja wa majani mabichi. Thoa aliuwasha mwenyewe hadi uzee ulipomlaza, na kila mwaka alisikiliza kwanza kama kuna ndege. Na mpaka leo, mtoto wa Nam Sai akipewa kiberiti, hutazama angani kwanza.