Mtawa Aliyelala

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, Mungu awarehemu, kwamba katika jangwa la Misri aliishi mtawa mmoja, Baba Serapi. Alikaa pangoni miaka thelathini, akifunga na kusali, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyempandia mlimani kumwita mtakatifu. Jambo hilo lilimuuma, ingawa hakuthubutu kulikiri hata mbele ya Mola wake.

Siku moja akapanda mjane, Bi Damiana, akihema. Mwanawe wa pekee alikuwa na homa siku ya tisa, hali wala hanywi.

"Nenda kwa amani, binti yangu, nitamwombea," mtawa akamwambia. "Sitainuka magotini mpaka jua lizame."

Akapiga magoti kweli. Lakini joto la adhuhuri lilikuwa kali, na kivuli cha pango kitamu. Akaegemea ukuta kidogo tu, apumzishe mgongo. Alipofumbua macho jua lilikuwa limekwisha kuzama, naye hajatamka hata "Bwana, rehemu."

Asubuhi akasikia matari na vigelegele. Kijiji kizima kinapanda! Mtoto amepona, ameomba uji, amemaliza bakuli mbili. Wanaume wanataka kumbeba mtawa mabegani hadi kanisani, akina mama wanagusa kanzu yake wakilia kwa furaha. Moyo wa mzee ukaruka.

Na Ibilisi, alaaniwe, hakuja na pembe. Alikuja na hekima: "Nyamaza tu. Ukisema kweli utawavunja imani hawa wanyonge." Baba Serapi alikwisha kuinua mkono awabariki, Bi Damiana alipoinama kumbusu miguu. Hapo akashindwa kunyamaza.

"Inuka, binti yangu. Mimi sikumwombea mtoto wako. Nililala."

Matari yakanyamaza. Mzee mmoja akatema mate, akageuka kushuka.

"Wewe ulifanya nini uliporudi nyumbani?" mtawa akamwuliza Bi Damiana.

"Nililia, Baba. Nikamwambia Mungu, mimi sijui kuomba, msikilize mtumishi wako kule mlimani."

"Mtumishi wake alikuwa anakoroma. Aliyesikiwa ni wewe."

Bi Damiana akakaa chini palepale. Akalia, kisha akacheka, kisha akampokonya jirani yake tari, akawaongoza wote kushuka akiimba kwa sauti ambayo kijiji hakikuwahi kuisikia. Baba Serapi hakubebwa na mtu.

Wapendwa, tusidhani aliokoa nafsi yake tu. Angenyamaza, mama yule angeishi na kufa akiamini kwamba Mungu haijui sauti yake.