Maji Mikononi mwa Nakunda

Nina kisa!

Kitoe!

Nikitoe chote au nikate?

Kitoe chote!

Haya, sogeeni. Elirehema, kidole puani kinatafuta nini? Kitoe nacho.

Hapo kale, kale ya mbali, mimi sijazaliwa na bibi yangu hajazaliwa, milimani kwetu watu walilima kwa maji ya mfereji. Juu kabisa palikuwa na bwawa, wakiliita ndiva. Mfereji ukatoka ndivani, ukashuka, ukapita kitongoji hiki, ukashuka, ukapita kile, ukashuka, hata ukafika Kwamsisi, mwisho kabisa. Ukifika, nao ulifika umechoka.

Kila kiangazi wazee wa maji walikaa kikao cha kupanga zamu, na kila kitongoji kilitoa msemaji mmoja. Sasa sikilizeni desturi yao. Msemaji hakuwa mwenye kitambi wala mwenye mali. Alikuwa yule ambaye shamba lake liko mwisho wa mfereji, maana ndiye aijuaye kiu. Na akisimama kusema, alikinga viganja, akamiminiwa maji ya ndiva. Maji yakiwamo mikononi, sema. Maji yakiisha, kaa chini!

Mwaka huo shamba la mwisho Kwamsisi lilikuwa la Nakunda, mjane kijana. Nakunda huyo, wajukuu zangu, alikuwa mpole hata kuku akiingia jikoni mwake alimwomba radhi. Akisema na mtu, alisema na ardhi. Na maharage yake yalikuwa yanatoa maua, majani yamejikunja kwa ukame. Yakikosa maji mwezi ule, yeye na wanawe wawili wangekula nini?

Siku ya kikao akasimama. Akamiminiwa maji. Alikuwa amekariri salamu zote, kama walivyofanya wasemaji wote wa Kwamsisi miaka yote. Akaanza: "Nawasalimu wazee wa ndiva, nawasalimu waliochimba ndiva, nawasalimu baba zao, na baba za baba zao..." Mikono ikitetemeka, maji tii, tii, tii. Hajamaliza kuwasalimu marehemu, viganja vikavu!

"Maji yameisha, mama," akasema Mzee Mrutu, mkuu wa kikao. "Kaa. Rudi baada ya siku saba."

Watu wakacheka. Na ninyi mnacheka? Haya, chekeni, mimi nilipoambiwa kisa hiki mara ya kwanza nililia.

Nakunda akarudi nyumbani, akamkuta Namvua, shangazi wa marehemu mumewe, akipukuchua mahindi. Namvua alikuwa kiziwi tangu utotoni, homa ilimwondolea masikio. Nakunda akainama, akaeleza yote huku akilia.

"Unaiambia nini miguu yako?" akafoka Namvua. "Mimi niko huku juu! Niangalie."

Nakunda akainua uso, akasema tena.

"Unakimbia. Midomo yako naiona inaruka tu. Polepole!"

Akasema tena.

"Maneno nimeyaona, mwanangu. Mengi. Ila sijui unataka nini. Ukiwa na kiu unaanza kwa kumsalimu babu wa mtungi?"

Siku ile wakasema, siku ya pili wakasema, siku ya tatu wakasema. Nakunda kakinga maji, Namvua kakaa mbele yake. Akielewa, anaitikia kwa kichwa. Asipoelewa, anavuta sikio lake, na Nakunda anarudia. Na kadiri alivyoutazama uso ule ili ueleweke, ndivyo alivyosahau kutetemeka, na maji yakakaa.

Siku ya saba wakapanda kikaoni wote wawili. Namvua akakaa nyuma kabisa, juu ya jiwe. Nakunda akamiminiwa maji, akainua uso, akamtafuta shangazi yake, akampata.

"Wazee wangu, shikamooni. Kwamsisi tuna zamu mbili kwa mwezi. Tunaomba tuzipate kwa siku mbili zinazofuatana."

Kule nyuma Namvua akavuta sikio.

Nakunda akaeleza tena, polepole: "Hatuombi maji ya mtu. Zamu yetu ya kwanza inanywewa yote na mfereji, kwa kuwa umekauka. Ya pili ikija, mfereji umeshakauka tena. Zikifuatana, ya kwanza italowesha mfereji, ya pili itafika shambani."

Namvua akaitikia kwa kichwa. Na wazee, mmoja mmoja, wakaitikia kwa vichwa.

"Ni hilo tu?" akauliza Mzee Mrutu. "Miaka yote hii, ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, baba."

"Basi mmepewa."

Na mikononi maji yalikuwa bado yapo! Desturi ilikuwa msemaji anawe uso kwa yaliyobaki, watu wamwone anavyong'aa. Nakunda hakunawa. Alipita katikati ya wazee, akaenda hadi kwenye lile jiwe, akapiga magoti, akamnywesha shangazi yake kwa viganja vyake.

"Ahsante, shangazi. Wewe ndiye uliyenisikia."

Namvua akayaona maneno hayo yote, wala hakuvuta sikio.

Maji yakafika. Maharage yakazaa. Wanawe Nakunda wakala wakakua, na mmoja wao alimzaa bibi yangu. Kwa hiyo mimi kila nikila maharage namshukuru mwanamke ambaye hakusikia hata sauti ya jogoo. Nanyi mshukuruni, bila yeye msingekuwapo.

Mnaona basi? Kusema vizuri si kujaza maneno. Jua unachotaka, mtazame mtu mmoja, utake aelewe. Na akishaelewa, mshukuru, maana amekufanyia kazi kubwa.

Sasa wewe Nasemba, usijifiche nyuma ya kaka yako. Kesho unasimama mbele ya wazazi shuleni, na tangu asubuhi unasema tumbo linauma. Nitakuja. Nitakaa nyuma kabisa. Masikio yangu haya siku hizi mnajua wenyewe yalivyo. Ukiniona navuta sikio, rudia.

Kisa nimekimimina, mikono yangu mikavu. Nani ananiletea maji ya kunywa?

Mimi, bibi!

Ahsante, Nasemba. Na umesema kwa sauti.