Ndoo ya Mabaki

Mpishi mkuu mpya wa shule ile hakuwa na utulivu hata chembe. Alifunua sufuria, akaonja, akafunika, akafuta meza iliyokwisha kufutwa, kisha akarudi kuonja tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wanafunzi walimpachika jina la Bi Mchicha, kwa sababu tangu aje, chipsi na soda zilitoweka, zikaja maharage, mboga za majani, karoti na matunda. Muuguzi wa shule alimuunga mkono kwa moyo mmoja, maana watoto walikuwa wakisinzia madarasani kila mchana na meno yao yalikuwa yakioza.

Tatizo lilikuwa ndoo ya mabaki, iliyojaa pomoni kila siku. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mtu mwenye tumbo kubwa na subira ndogo, alikuwa amesema waziwazi kwamba ndoo ikijaa tena Ijumaa, chipsi zitarudi, na Bi Mchicha ajue unga wake umemwagika.

Basi wiki ile ikawa ya kuhangaika. Jumatatu aliongeza nyanya. Jumanne akapunguza vitunguu. Jumatano aliingia bwaloni akawahutubia watoto kuhusu damu na mifupa hata sauti ikamkauka. Wakamsikiliza kwa adabu zote, kisha wakamwaga chakula vilevile. Akawalalamikia wasaidizi wake kwamba watoto wa siku hizi wamedeka. Mapishi yake hakuyatilia shaka, kwani mle jikoni mlikuwa na desturi ya wapishi kula kwanza, saa tano na nusu, chakula kikiwa bado kinafuka, ili wasipakue huku matumbo yakinguruma. Kila siku alikula, na kila siku kilikuwa kitamu.

Alhamisi roho ilikuwa juu juu hata tonge halikupita. Akapakua bila kula. Wakubwa walitangulia, kama ilivyokuwa kawaida, na darasa la kwanza likaja mwisho, saa saba kasoro robo. Kufikia hapo njaa ilikuwa imemuuma Bi Mchicha mpaka anaona kizunguzungu. Akajichotea sahani, akajibana kwenye benchi katikati ya wale wadogo.

Chakula kilikuwa baridi. Mchicha uliopikwa tangu saa nne ulikuwa umegeuka mweusi na mchungu, na maharage yalikuwa yameganda. Alimeza kwa shida, aibu ikamshika. Kando yake msichana asiye na meno ya mbele alikuwa akivisukumasukuma vipande vya karoti.

"Mbona huli, mwanangu?"

"Karoti ngumu, mama. Na kengele inalia kabla sijamaliza."

"Sasa kwa nini hamkuniambia siku zote hizi?"

Mtoto aliweka kijiko chini. "Hukutuuliza. Ulituambia tu tule."

Kengele ikalia papo hapo. Bi Mchicha akaitazama sahani yake, haijafika hata nusu. Akainuka, akapanga foleni na watoto, akaimwaga ndani ya ndoo.

Jioni ile alimganda mwalimu mkuu mpaka akakubali kengele isogezwe mbele robo saa. Ijumaa darasa la kwanza lilitangulia. Mboga ziliingia sufuriani kidogo kidogo, kila kundi lilipokaribia, karoti zikakunwa, na wapishi wote wakaagizwa kula mwisho, bwaloni, kwenye benchi zilezile za watoto.

Mwenyekiti alifika saa saba na nusu, akainama juu ya ndoo. Ndani mlikuwa na maganda ya ndizi na punje chache za maharage. Akainuka taratibu, akauliza ni kiungo gani kilichoongezwa.

"Hakuna, mzee," alijibu Bi Mchicha. "Jana nilikaa nikala nao."

Waliosema hawakukosea: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.