Bolti ya Sensei Mihayo

Ulimi humkana mwalimu, mguu humtaja. Siku hizi methali hii inasemwa mpaka sokoni. Siwema, umetuambia mama yako alimtupia msusi mmoja anayeapa kwamba ususi amejifunza mwenyewe, ilhali kila msuko wake unaishia na kile kifundo cha bibi aliyemfundisha. Mama yako kaitumia pale pale inapostahili. Lakini umeniuliza imetoka kwa wahenga gani, na mimi nakujibu: wahenga gani? Aliyeisema mara ya kwanza yuko hai, anaitwa Mama Kulwa, na jana tu kaniletea viazi vitamu. Methali hii haikushuka na mvua. Ilianzia hapa hapa Tabora, ikamalizikia ndani ya ghala hili mnalolifagia, na mimi Nyamizi nilikuwepo.

Wekeni mafagio chini mkae. Na nikipandwa na hasira katikati, mnivumilie. Imepita miaka kumi na miwili, lakini kila nikilikumbuka jambo hili nasikia moto kifuani.

Mnajua kwamba ghala hili lilikuwa la tumbaku. Hapo katikati palikuwa na mashine ya kukandamiza marobota. Walipoihamisha waliacha bolti moja ndani ya saruji, hiyo hiyo mnayoilaani kila siku, imesimama juu ya sakafu kwa urefu wa kidole. Mwalimu wetu, Sensei Mihayo, alipoanza kutufundisha karate humu ndani tulijaribu kuikata. Misumeno miwili ikavunjika. Akasema, "Basi, izungukeni."

Tukaizunguka. Katika kata yetu ya kwanza, ule mfuatano wa hatua na mapigo unaoucheza peke yako, unaanza na kisigino juu ya ufa wa sakafu, uso mlangoni. Unageuka mara ya kwanza, mara ya pili, na ukigeuka mara ya tatu mguu wa kushoto unatakiwa kwenda mbele moja kwa moja. Hapo ndipo ilipo bolti. Kwa hiyo sote tuliuvuta mguu ndani, tukauzungusha nje, kisha tukakanyaga. Aliyesahau alitoka damu kidole gumba, na hakusahau tena. Tukienda kucheza kwenye kumbi za watu Sensei alikuwa akitufokea, "Hapa hakuna bolti, nyoosheni mguu!" Wapi! Mguu ulishazoea.

Sasa Sensei naye alifundishwa na nani? Alifundishwa na Mzee Okabe, Mjapani mmoja aliyekuja kuchimba visima akakaa miaka sita. Mihayo alikuwa mpishi wake. Ndiyo, mpishi! Alipika wali, alipika samaki, alifua na mashuka. Na kila asubuhi kabla ya chai, wawili hao walikuwa kwenye majani ya bustani, mmoja anafundisha na mwingine anajifunza. Okabe hakumwandikia cheti. Watu wanaokutana bustanini kila siku ya Mungu wanaandikiana cheti cha nini? Okabe aliporudi kwao, Mihayo akaomba ghala hili, akaanza na sisi wanane. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu, na mtaa mzima ulinicheka.

Mwaka wa pili akaja Hamdani, kijana wa miaka kumi na mmoja, kamasi zinamtoka. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ile ya Okabe, na Mjapani aliwahi kumpa peremende mara mbili tatu kupitia ua, basi. Aliyemfundisha ni Mihayo. Miaka kumi! Mchana akila kwa Mama Kulwa, mke wa Sensei, kwenye sahani moja na watoto wake. Sisemi kwamba hakuwa hodari. Alikuwa hodari kutupita wote. Akaenda Dar es Salaam, akafungua chuo chenye vioo ukuta mzima, akapata jina.

Sensei alipofariki, Hamdani alikuja matangani. Alilia, jamani, alilia kuwapita wafiwa. Siku ya tatu akamwambia Mama Kulwa, "Mama, niazime ile picha ya marehemu na Mzee Okabe. Nitaikuza, niitundike chuoni kwangu." Ilikuwa picha moja tu duniani: Okabe kavaa nguo nyeupe za karate, Mihayo kasimama pembeni kashika birika la chai. Mama Kulwa akaifunga kwenye khanga akampa. Mtoto wake huyo, atamnyimaje?

Baada ya miezi mitatu ikaja barua kutoka chama cha karate. Walikuwa wanaandika nasaba ya kila shule: nani kafundishwa na nani. Na Hamdani alikuwa amewaandikia kwamba yeye ndiye mwanafunzi wa pekee wa Okabe nchini. Kwamba Okabe alimfundisha mwenyewe bustanini kwake. Kwamba Mihayo alikuwa mtumishi tu, akichungulia dirishani na kuiga, na mikanda yote myeusi iliyotoka ghalani ni ya uongo. Kamati ingekuja Tabora kutusikiliza. Ikithibitika, jina la Mihayo lingefutwa kwenye daftari na kibao chake kingeng'olewa mlangoni.

Shukrani ya punda ni mateke, tunajua. Lakini punda hupiga aliye hai, hamfuati mtu kaburini!

Nilimsomea Mama Kulwa ile barua jikoni kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria, akasema, "Nyamizi, nimemzika mume wangu mara moja. Sitamzika mara ya pili."

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Walikaa kwenye ukumbi mpya karibu na hapa, sakafu ya vigae inang'aa. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja mpole, mkanda mweusi wa siku nyingi, lakini mtu wa karatasi. Akatuuliza, "Cheti cha marehemu kiko wapi?" Hakuna. "Barua ya Okabe?" Hakuna. Tukasimama mmoja mmoja kusema Mihayo alivyotufundisha, na tulivyomwona Hamdani akifundishwa. Akaandika kidogo, akasema, "Nyinyi ni watu wake. Mtasema nini kingine?"

Ndipo akasimama Hamdani. Suti! Viatu vinamulika! Nyuma yake vijana wake wawili wa Dar es Salaam, mmoja kambebea begi. Akatoa bahasha, na ndani ya bahasha, wajukuu zangu, mkatoka ile picha aliyoiazima matangani.

"Waheshimiwa," akasema, "tazameni wenyewe. Nani mwalimu na nani kashika birika?"

Wajumbe wakapokezana ile picha. Mmoja akacheka. Nilimtazama Mama Kulwa, na damu ikanichemka. Nikasimama, nikasema, "Ebo! Kwani aliyeshika birika hana miguu?"

"Bibi, keti," mwenyekiti akaniambia. "Utapewa nafasi." Kisha akamgeukia Hamdani. "Wewe unasema Okabe alikufundisha wapi?"

"Bustanini kwake, mheshimiwa. Kwenye majani."

"Na kwenye ghala la Mihayo?"

"Sijawahi kukanyaga hata siku moja." Alisema hivyo macho makavu, mbele ya mwanamke aliyemlisha miaka kumi.

"Basi tuonyeshe alichokufundisha Okabe. Tuonyeshe kata ya kwanza."

Hamdani akavua viatu, akavua koti, akasimama katikati ya vigae. Akaanza. Sitasema uongo kwa sababu ya hasira: alicheza vizuri mno. Ngumi zilikuwa zinakata hewa, wajumbe wakaacha kuandika. Akageuka mara ya kwanza. Akageuka mara ya pili. Akageuka mara ya tatu, na mguu wa kushoto ukavutwa ndani, ukazunguka nje, ukakanyaga.

"Simama hapo hapo!" Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaingia. "Hamdani! Umeruka nini?"

Akaganda. "Nimeruka nini?"

"Ndicho ninachokuuliza! Sakafu nyeupe, haina hata jani. Umezunguka nini hapo?"

Mwenyekiti alikunja uso. Hakuwa mjinga. Akamwambia, "Kweli, hatua hiyo siijui. Kwa nini hukunyoosha mguu?"

"Niliteleza kidogo, mheshimiwa. Vigae hivi."

"Ameteleza," nikasema. "Haya, na vijana wake nao wacheze. Tuone kama na wao watateleza."

Wale vijana hawakujua lolote, maskini. Hawakuwahi kufika Tabora maishani mwao. Wakasimama, wakacheza kama walivyofundishwa mbele ya vile vioo. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu: wote wawili wakavuta mguu ndani, wakauzungusha, wakakanyaga. Watoto wa Dar es Salaam wanazunguka chuma ambacho hawajawahi kukiona!

Hamdani akalamba midomo, akasema haraka haraka, "Ni mtindo wa Okabe. Ndivyo alivyonifundisha. Hatua ya siri."

"Ya siri," nikasema. "Mwenyekiti, naomba utembee na mimi hatua mia mbili tu. Nikuonyeshe siri."

Tukaja humu, kamati nzima na watu nyuma yetu kama arusi. Hamdani hakutaka kuja, lakini vijana wake walishatangulia. Nikamwomba mwenyekiti avue viatu, aweke kisigino kwenye ufa, atazame mlango, na acheze kata hiyo kama ilivyo vitabuni, bila siri yoyote. Yule mzee akakubali. Akageuka mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, akanyoosha mguu wa kushoto.

"Mama yangu!"

Akakaa chini kashika kidole gumba, damu inamchuruzika. Watu walitaka kucheka, wakajizuia kwa adabu. Mwenyewe aliiangalia ile bolti, akaigusa kwa mkono. Alipoinua uso hakuwa mpole tena.

"Hamdani," akasema, "kwenye majani ya bustani ya Okabe kulikuwa na bolti?"

Hamdani akatazama mlangoni.

"Nakuuliza. Kulikuwa na bolti?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Umetuandikia kwa mkono wako kwamba karate unayocheza ni ya Okabe tupu. Nami leo naona umeitoa humu, kwenye ghala unalosema hukulikanyaga. Sasa niambie, nani aliyeitoa kwa Okabe akaileta humu?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikuwahi kuona iliyokatika kwa hatua moja namna ile. Kijana aliyekuwa kabeba begi lake aliliweka chini, taratibu, akasogea mbali naye.

Hapo ndipo Mama Kulwa alipopita katikati ya watu. Akasimama mbele ya Hamdani, mfupi alivyo, akanyoosha mkono.

"Picha yangu."

Akampa. Mama Kulwa aliifuta kwa ncha ya khanga. Kisha akamwangalia miguuni, si usoni, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia mwanawe chakula kiko tayari: "Ulimi wako umemkana mwalimu wako, mwanangu. Lakini mguu wako umemtaja."

Hamdani akalia. Safari hii hakulia kwa sauti. Akasema, "Mama, niliona aibu kuitwa mwanafunzi wa mpishi." Mama Kulwa akamjibu, "Na chakula chake ulikuwa unakila kwa aibu?" Akageuka, akaenda zake.

Jina halikufutwa. Kwenye daftari imeandikwa Okabe, chini yake Mihayo, na chini ya Mihayo majina yetu. La Hamdani limo pia. Mimi nilitaka litolewe! Nilibishana siku nzima. Mama Kulwa ndiye aliyekataa. Alisema, "Alifundishwa. Mkilifuta mtakuwa mnasema uongo kama wake." Nikaliacha, lakini sikupenda, na mpaka leo sijapenda.

Shija, usiniangalie hivyo, najua unachotaka kuuliza. Siku hizi kuna mashine ya kukata chuma kwa dakika moja, na fundi yupo mtaa wa pili. Na ninajua kwamba kila mkienda kwenye mashindano mnakatwa alama kwa hatua ile ya tatu. Nilipata barua tena mwaka jana, eti tuirekebishe. Nimeijibu. Nimewaandikia kwamba Sensei wetu hakuwa na cheti, hakuwa na barua, na kwenye picha yake pekee kashika birika. Alichotuachia kimo miguuni mwenu. Acheni wakate alama.

Haya, simameni. Visigino kwenye ufa, uso mlangoni. Mkifika mara ya tatu nataka niuone mguu unavyozunguka, na atakayekuja kuwauliza siku moja mmefundishwa na nani, msibishane naye. Chezeni tu. Ulimi humkana mwalimu, mguu humtaja.