Salmonela Ndani ya Bwakia

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo Fisi alikuwa bado anaalikwa kwenye harusi za wenzake, Kanga alimwoza binti yake, akabandika sufuria ya mayai kwa ajili ya wageni. Maji hayajaanza hata kuchemka, Fisi alishachovya mkono.

"Baba watoto, hayajaiva," mkewe akamnong'oneza. "Subiri kidogo, utatuaibisha."

"Yataivia tumboni," Fisi akajibu, akatupia mayai mdomoni pamoja na maganda yake. Kwacha, kwacha, gulu.

Sasa, ndani ya yai moja alikuwamo kidudu mdogo kiasi kwamba sisimizi angemkanyaga asijue. Jina lake Salmonela. Hakuwa na meno wala kucha. Alikuwa na kisindano kimoja chembamba, na maneno mengi.

Alijifunika ute wa yai, akavuka uchachu wa tumbo la Fisi huku amefumba macho. Akapenya ukuta wa utumbo na kutokea upande wa pili, hoi. Alipofumbua macho, mbele yake alisimama Bwakia.

Bwakia alikuwa askari wa mwili ule. Bonge la askari, jeupe, laini kama uji ulioganda. Akikutana na mgeni asiyemjua, anambwakia mzima mzima. Asipokuwa anameza, alikuwa anajisifu.

"Wewe kidagaa," Bwakia akasema, "umewahi kusikia habari zangu?"

"Nani hajazisikia, mkuu? Kwetu tunawatisha watoto kwa jina lako. Ila wapo wanaosema..."

"Wanasema nini?"

"Naogopa, mkuu."

"Sema."

"Wanasema siku hizi unameza vumbi tu. Eti kiumbe mwenye roho yake humuwezi."

Bwakia akavimba kwa hasira. Hakuuliza jina wala kabila. Bwaku, akammeza.

Ndani kulikuwa giza. Salmonela alijikuta amefungiwa kwenye kifuko kisicho na mlango. Alijua kinachofuata, maana ndugu zake wengi waliishia humo. Wapagazi wangekuja na viriba vya tindikali, wangeimimina ndani ya kifuko, naye angeyeyuka kama chumvi majini. Akasikia vishindo: chwa, chwa, chwa.

Haraka akatoboa kifuko kwa kisindano chake, akapitisha sauti kwenye tundu. Akaifanya nzito kama ya Bwakia.

"Nyinyi mnakwenda wapi?"

"Tunaleta tindikali, mkuu," akajibu Kichungu, kiongozi wa wapagazi. "Si umemeza adui?"

"Adui gani? Hiki ni kiporo changu. Mkikiharibu nitawameza nyinyi."

Kichungu akajikuna kichwa. "Lakini mbona kifuko kinacheza, mkuu?"

"Nina kwikwi. Au unabishana na mimi?"

Wapagazi wale walizoea kufokewa. Katika kazi yao, aliyefoka zaidi ndiye aliyekuwa na haki. Wakageuza viriba vyao, wakaondoka bila kuuliza tena.

Salmonela akashusha pumzi. Akaanza kunyonya chakula cha Bwakia kupitia tundu lile lile. Akanenepa, akajigawa wakawa wawili, nao wakajigawa, mpaka kifuko kikajaa watoto wake wamebanana.

"Nyamazeni," akawaambia. "Askari anatusafirisha bure."

Kweli, Bwakia alikuwa anazunguka na damu, kifua mbele. Kila alipopita, askari wenzake walimpisha. Nani angemsachi mkubwa? Akafika mpaka kwenye ini, na hapo akakutana na Dada Chonjo, mkaguzi wa askari.

"Shikamoo kaka Bwakia. Nasikia umemeza adui."

"Marahaba. Nilimmeza kama punje ya mtama."

"Hongera. Nionyeshe basi kipande chake, wenzako wamtambue akirudi."

Bwakia akajipapasa kifuani. Hakukuwa na kipande. "Nimemmeza, inatosha," akasema. "Mimi si mtu wa kuonyesha makombo."

"Na mbona umefura hivyo? Una joto pia."

"Nimeshiba kazi, mdogo wangu."

"Aliyeshiba hangurumi hivyo," Dada Chonjo akasema, akasogeza sikio. "Kaka, humo ndani kuna watu wanaongea. Kaa hapo hapo. Naita wenzako."

Salmonela alisikia kila neno. "Wanangu," akasema, "tumegundulika. Sukumeni."

Wakasukuma. Bwakia akafungua mdomo aanze tena kujisifu, akapasuka. Pwaa. Watoto wa Salmonela wakatapakaa kwenye ini lote.

Huko nje Fisi alikuwa amelala mkekani, meno yanagongana, tumbo linamkata. Mkewe alimkanda kwa kitambaa cha maji. "Yameiva sasa?" akamuuliza. Fisi akajivutia shuka usoni.

Dada Chonjo aliporudi na kikosi, Bwakia alikuwa amebaki ngozi tupu. "Msiwameze ovyo," Dada Chonjo akawasihi askari. "Kwanza tindikali iwe tayari."

Lakini Salmonela alishatangulia kuwapigia magoti. "Wakubwa zetu, tuhurumieni. Tunasikia Bwakia ndiye aliyekuwa hodari kuliko nyinyi wote."

"Nani kasema?" askari wakanguruma, wakaanza kusukumana, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kumeza, tindikali wameisahau.

Basi wanangu, adui uliyemmeza kwa sifa usiseme umemshinda.